Muhammad Ali: alikuwa mkali kweli, ao ni mdomo tu?

Kama kuna jina moja la mtu wa ngumi ambalo hata mtoto wa Nyabiondo ao wa Mubi analijua, ni Muhammad Ali. Lakini wengi wetu hatujawahi kumuona akipigana. Mwaka 1974 televisheni haikufika kwetu. Tulichobaki nacho ni masimulizi ya wazee waliofuata habari kwa redio, na maneno matatu ya Lingala ambayo hayajafutika mpaka leo: Ali boma ye.

Juma iliyopita kipindi chetu cha michezo kilianza na mpira, kikaishia kwenye ngumi. Muzee mmoja alipiga simu kutoka Masisi-centre: "Ule hakuna mwingine. Foreman alikuwa na nguvu sawa mbogo, na Ali akamulalisha chini." Hazikupita dakika mbili, kijana mmoja wa Walikale akamjibu: "Papa, na heshima yako yote, ule mutu alikuwa anasema sana tu. Alikaa kwa kamba anapigwa, kiisha mwenzake akachoka. Hiyo njo ukubwa?"

Simu ziliendelea mpaka muda wa kipindi ukaisha. Swali la kijana linastahili jibu la polepole, na ndiyo maana tunaliandika hapa. Tuweke mdomo wa Ali pembeni kwanza, tuangalie mikono, miguu na watu aliopigana nao. Kiisha turudi kwenye mdomo, kwa sababu hapo kuna jambo linalotugusa sisi wa Kivu ya Kaskazini.

Huyu mtu alitoka wapi

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1942 mjini Louisville, Marekani, jina lake Cassius Clay. Mwaka 1960 akapata medali ya dhahabu ya Olimpiki kule Roma. Tarehe 25 Februari 1964, akiwa na miaka 22, akampokonya Sonny Liston mkanda wa dunia wa uzito wa juu. Liston aliyeogopwa na kila mtu alibaki kwenye kiti chake cha kona, hakutoka kwa raundi ya saba. Baada ya hapo Clay akatangaza kwamba ni Mwislamu, na akachukua jina la Muhammad Ali.

Mwaka 1967 alikataa kuingia jeshini kwenda vita vya Vietnam. Wakamnyang'anya mkanda na ruhusa ya kupigana. Alikaa zaidi ya miaka mitatu bila kupanda ulingoni, kutoka miaka 25 mpaka 28, wakati ambao mwili wa bondia unakuwa na nguvu kabisa. Alirudi Oktoba 1970. Alipostaafu mwisho wa 1981, alikuwa amepigana mara 61: alishinda 56, alipoteza 5.

Wanaosema "ni mdomo tu" wana hoja gani?

Tusiwadharau. Hoja zao ni za kweli, na kocha yeyote wa ngumi atakubali baadhi yake.

Ya kwanza: Ali alikuwa anavunja karibu kila sheria ambayo mwanafunzi wa ngumi anafundishwa siku ya kwanza. Mikono aliiacha chini, karibu na kiuno. Ngumi ikija, alirudisha kichwa nyuma moja kwa moja, kitu ambacho makocha wanakikataza kwa sababu ngumi ya pili inaweza kukufuata. Tumboni alipiga kwa nadra sana. Na alipochoka, alishika shingo ya mwenzake na kumvuta chini. Sheria zinakataza hilo, lakini waamuzi wengi walimwachia.

Ya pili: alianguka. Mwaka 1963 kule London, Henry Cooper alimlalisha kwa ngumi moja ya kushoto, na kengele ndiyo iliyomsaidia. Mwaka 1971 Joe Frazier alimwangusha katika raundi ya 15 na kumshinda kwa pointi. Mwaka 1973 Ken Norton, ambaye hakuwa na jina kubwa wakati ule, alimvunja taya na kumshinda.

Ya tatu, na hii ndiyo inauma zaidi: kuna mapambano aliyopewa ushindi ambayo watu wengi waliyaona tofauti. Lile la Jimmy Young mwaka 1976, na lile la tatu na Norton mwaka huohuo ndani ya Yankee Stadium, New York, yanabishaniwa mpaka leo. Wanaopinga wanasema majaji hawakuhesabu ngumi, walihesabu jina.

Tena kuna pambano la pili na Liston, Mei 1965. Liston alianguka raundi ya kwanza kwa ngumi ambayo watazamaji wengi hawakuiona. Wengine waliamini alijiangusha mwenyewe.

Kijana wa Walikale, ukiishia hapa, unaweza kusema umeshinda. Lakini hatujamaliza.

Upande wa pili: alipigana na nani?

Bondia hapimwi kwa mkanda peke yake. Kuna mabingwa waliokaa na mkanda miaka mingi wakichagua watu dhaifu. Swali la kwanza ni: ulikutana na nani, na wakati gani?

Ali alikutana na karibu kila mtu mkubwa wa zama zake. Liston mara mbili. Floyd Patterson mara mbili. Frazier mara tatu, Norton mara tatu. Foreman. Ron Lyle. Earnie Shavers, mmoja wa watu waliopiga kwa nguvu kuliko wote. Frazier alipomshinda, alimtafuta tena, akamshinda mara mbili. Norton alipomvunja taya Machi 1973, haikufika hata miezi sita, walikuwa ulingoni tena. Leon Spinks alipomnyang'anya mkanda Februari 1978, aliuchukua tena Septemba ya mwaka huohuo. Hapo akawa mtu wa kwanza kuchukua ubingwa wa uzito wa juu mara tatu.

Jambo lingine: katika mapambano 61, hakuna aliyemwangusha akahesabiwa mpaka kumi. Alisimamishwa mara moja tu, mwaka 1980 mbele ya Larry Holmes, na siku hiyo kona yake ndiyo iliyosema basi. Alikuwa na miaka 38.

Na ile mikono ya chini? Kwa Ali kijana haikuwa uzembe. Alikuwa na miguu ya mtu wa uzito mdogo ndani ya mwili mkubwa, na macho yaliyopima umbali vizuri sana. Ngumi ilipita mbele ya kidevu chake, na mpigaji alipokuwa bado anatafuta miguu yake, Ali alikuwa amekwisha kumpiga mara mbili. Mikono kuwa chini ilimfanya mwenzake asijue ngumi inatokea wapi. Ulikuwa mtindo wake mwenyewe, na aliweza kuulipia kwa sababu alikuwa na mwendo.

Mara nyingi wapenzi wake wanaonyesha pambano la Novemba 1966 na Cleveland Williams kama kilele chake. Ni kweli alikuwa mzuri mno siku ile. Lakini tuseme yote: Williams alikuwa amepigwa risasi na polisi miaka miwili mbele, na hakuwa tena mtu yule wa zamani. Kwa hiyo kama unataka kumpima Ali, usichukue usiku ule. Chukua Kinshasa.

Usiku wa Kinshasa, raundi kwa raundi

Oktoba 1974 George Foreman alikuwa na miaka 25, alikuwa amepigana mara 40 na kushinda zote, 37 kwa kumaliza mtu kabla ya muda. Frazier na Norton, wale wawili waliomshinda Ali, Foreman aliwamaliza kila mmoja katika raundi mbili. Ali alikuwa na miaka 32. Waandishi wengi hawakujiuliza nani atashinda, walijiuliza kama Ali atatoka mzima.

Don King ndiye aliyepanga pambano, na serikali ya Mobutu ndiyo iliyosimamia malipo: dola milioni 5 kwa kila bondia. Lilipangwa kwa tarehe 25 Septemba, lakini Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa mpaka tarehe 30 Oktoba. Lilianza karibu saa kumi za usiku, ili watu wa Marekani waliangalie jioni kwao. Mbele ya watu karibu 60,000, kwenye uwanja ulioitwa wakati ule Uwanja wa 20 Mei, leo Tata Raphaël.

Watu wengi wanasimulia kwamba Ali alikwenda moja kwa moja kwenye kamba akangoja. Sivyo. Raundi ya kwanza alimshambulia Foreman, tena kwa ngumi ya kulia bila kutanguliza ya kushoto. Kwa mtu wa ngumi hiyo ni kama tusi, kwa sababu mkono wa kulia una safari ndefu na mwenzako ana muda wa kuuona. Foreman hakuuona.

Lakini Ali aliona pia tatizo. Foreman alijua kukata njia: Ali akipiga hatua mbili, yeye anapiga moja na tayari amemziba. Kwa joto la Kinshasa, kucheza kwa miguu raundi 15 kusingewezekana. Raundi ya pili akaenda kwenye kamba. Kona yake ilipiga makelele atoke. Kocha wake, Angelo Dundee, hakuwa na habari ya mpango huo.

Tuelewe alichokifanya pale. Aliegemeza mgongo kwenye kamba, akafunika uso na mbavu kwa mikono na viwiko, akainama nyuma. Ngumi za Foreman ziliangukia mikononi, na nguvu iliyobaki ikamezwa na kamba. Ngumi pana zinazozunguka zinakula pumzi ya mpigaji. Zikikosa, zinakula zaidi, kwa sababu mwili wote unabidi ujizuie wenyewe. Foreman hakuzoea kazi ndefu: mapambano yake matatu ya mwisho kabla ya Kinshasa yote yaliisha ndani ya raundi mbili. Na muda wote huo Ali alimwongelesha sikioni, akimdhihaki kwamba ngumi zake hazina kitu.

Sasa jibu kwa kijana wetu liko hapa. Ali hakungoja tu mwenzake achoke. Akiwa kwenye kamba alikuwa anatoa ngumi fupi, zilizonyooka, zinazokwenda usoni, hasa mwisho wa raundi. Uso wa Foreman ulianza kuvimba mapema. Pambano liliposimama, majaji wote watatu walikuwa wamemweka Ali mbele kwa pointi. Mtu anayepigwa tu haongozi kwenye karatasi tatu.

Raundi ya nane, sekunde za mwisho, Ali alitoka kwenye kamba, akapiga mfululizo wa ngumi, ya mwisho ya kulia, na Foreman akazunguka akaanguka. Tazama video uone: wakati Foreman anaanguka, Ali alikuwa na nafasi ya kumpiga nyingine. Hakuipiga.

Wanaopinga wanasema kamba zililegezwa ili kumsaidia Ali. Dundee alikana maisha yake yote, akasema yeye alijaribu kuzikaza. Foreman naye alilalamika juu ya hesabu ya mwamuzi, na baadaye akasema maji yake yalikuwa na dawa. Lakini alipozeeka, Foreman mwenyewe aliacha malalamiko, wakawa marafiki, na akakubali kwamba alishindwa na mtu bora. Ikumbukwe kwamba mtu huyo huyo alirudi kuwa bingwa wa dunia mwaka 1994 akiwa na miaka 45. Ali alimshinda mtu mkubwa kweli.

Na Kalambay wetu je?

Mama mmoja alituandikia ujumbe wakati wa kipindi: "Kila siku Ali, Ali. Sisi hatuna wetu?" Tunaye, na historia yake inasaidia katika mjadala huu.

Sumbu Kalambay alizaliwa Lubumbashi mwaka 1956, akahamia Italia, akapata uraia wa kule. Mwaka 1987 alimshinda Iran Barkley, akawa bingwa wa dunia wa WBA uzito wa kati. Machi 1988 alimshinda kwa pointi Mike McCallum wa Jamaika, mtu ambaye alikuwa hajashindwa na yeyote. Mabondia wakubwa wengi wa miaka ile hawakuonyesha haraka ya kukutana na McCallum. Kalambay alikutana naye, akamfundisha ngumi kwa raundi 12.

Kiisha, Machi 1989 kule Las Vegas, Michael Nunn akampiga ngumi moja ya kushoto, raundi ya kwanza, na basi. Ngumi ile ndiyo ambayo dunia inaikumbuka. Aliendelea kupigana miaka minne mingine, tena na watu wakali, lakini jina halikurudi pale lilipokuwa.

Uliza leo Masisi, Sake ao Walikale-centre ni wangapi wanamjua. Kwa kazi ya mikono, Kalambay alikuwa bondia safi, mwenye macho, mwenye ngumi ya mbele iliyonyooka. Lakini hakuwa na mdomo wa kujitangaza. Ali alianguka mara kadhaa na watu wakasahau, kwa sababu kila mara alikuwa na la kusema kesho yake. Hapa upande wa kijana wetu una ukweli: mdomo unasaidia jina likae. Hauwezi kukupigia Foreman, lakini unaweza kufanya watu wakumbuke kwamba ulimpiga.

Tuuangalie sasa huo mdomo

Ali alipofika Zaire alikaa N'Sele, alikimbia barabarani na watoto nyuma yake, aliongea na kila mtu. Foreman alifika na mbwa mkubwa wa Kijerumani, na watu wa Kinshasa walikuwa hawajasahau mbwa wa polisi wa Wabelgiji. Hakujua anachokifanya. Naye Ali alijua vizuri la kufanya na hali hiyo. Kabla ya ngumi ya kwanza, Foreman, mtu mweusi aliyekulia katika umaskini wa Texas, alikuwa amekwisha kuwa mgeni na adui.

Na ule wimbo? Kwa Kiswahili ni "Ali, umuue". Tunauimba kwa furaha, na kwenye uwanja kila mtu alielewa ni mchezo. Lakini maneno yenyewe ndiyo hayo.

Kwa Frazier ilikuwa mbaya zaidi. Wakati Ali amenyimwa kazi, Frazier alimpa franga na kumsemea ili arudishiwe ruhusa. Kiisha Ali akamwita mjinga, akamwita kibaraka wa wazungu, na kabla ya pambano la Manila mwaka 1975 akamwita sokwe mbele ya kamera, akichekesha watu. Watoto wa Frazier walibeba jina hilo shuleni. Frazier alikaa na uchungu huo miaka na miaka. Mwaka 2001 Ali aliomba msamaha kupitia gazeti, akasema aliyasema mambo ambayo hakupaswa kuyasema.

Kwenye redio yetu, anayepiga simu akimwita jirani yake jina la mnyama, tunaikata simu. Muzee wetu aliposema "mbogo" tulimwacha, kwa sababu alikuwa anasifu. Lakini sisi wa Masisi na Walikale tumekwisha kuona jinsi jina la kuchekesha linavyotoka sokoni, linaingia shuleni, kiisha siku moja si la kuchekesha tena. Kwa hiyo tukimpa Ali maksi za mdomo, tumpe zote: alikuwa mwerevu, alikuwa jasiri mbele ya serikali ya inchi yake, na alimwumiza rafiki aliyemsaidia.

Tufunge hesabu vipi?

Kwa ngumi peke yake, tunasema hivi. Ali wa 1964 mpaka 1967 alikuwa na mwendo ambao uzito wa juu ulikuwa haujauona. Ali wa 1974 hakuwa na miguu ile tena, lakini alikuwa na akili na moyo uliopita wa wote. Ali wa baada ya 1975 alikuwa mtu wa kawaida mwenye jina kubwa, na majaji walimsaidia zaidi ya mara moja. Muzee wa Masisi anaongea juu ya Ali wa pili, kijana wa Walikale anaongea juu ya yule wa tatu. Wote wawili walimuona mtu wa kweli.

Kuna deni moja ambalo Kinshasa iliacha. Ujanja wa kamba ulifaulu, na Ali akaendelea kuutumia. Manila alipigwa mno, hata aliposhinda. Baada ya Shavers mwaka 1977, daktari wake Ferdie Pacheco aliona vipimo vya figo, akasema inatosha. Hakusikilizwa, akaondoka. Mwaka 1984 ikajulikana Ali ana ugonjwa wa Parkinson. Madaktari hawakukubaliana wote kwamba ngumi ndizo zilizouleta, lakini mtu aliyesema kuliko wote aliishi miaka zaidi ya thelathini sauti yake ikipungua. Alifariki tarehe 3 Juni 2016.

Vijana wetu wanaojifunza ngumi nyuma ya nyumba, na gunia la mchanga limefungwa kwenye mti, wengi wanaanza kwa kushusha mikono na kucheza kama Ali. Mwenye kuwafundisha awaambie: hiyo aliifanya mtu mmoja, na hata yeye alilipa. Inueni mikono.

Muzee wa Masisi-centre ameahidi kupiga tena Jumamosi. Kijana naye amesema yuko tayari. Nanyi wengine, mnampa Ali maksi ngapi kwa kumi? Na yule mama aliyetukumbusha Kalambay, tunamngoja kwenye simu.